Staa Wetu na Samaki wa Sweden: Fimbo ya Bei Mbaya, Waya Hakuna!

Kama wiki hii ulikuwa na bando, picha hii imeshakupitia. Staa wetu mmoja wa Bongo Fleva, jina nalihifadhi, alikuwa Sweden kwa shoo. Siku ya mapumziko wenyeji wake wakampeleka kuvua kwenye visiwa vya nje ya Stockholm. Kapendeza kama kawaida yake: miwani ya kioo, jaketi jipya, kofia imekaa kwa pozi, na mkononi fimbo ya kuvulia ambayo wajuzi waliitambua haraka kuwa ni ya bei mbaya. Laiki kama mvua. Komenti zote za sifa: kaka unaishi, maisha ndo haya, na mioto ya kutosha.

Sasa mimi leo nakuja na povu langu. Sio chuki, mashabiki wake msinivamie, nyimbo zake nazisikiliza kila siku nikiwa jikoni. Ila ile picha na klipu iliyofuata zimeniuma, na naomba niseme kwa nini.

Kwenye klipu, samaki anapiga chambo, fimbo inapinda, kelele kwenye boti, halafu ghafla mshipi unalegea. Staa anacheka, anainua mshipi uliokatika na kusema jamaa kaondoka na mzigo. Watu wakacheka naye. Mimi sikucheka. Ule mshipi umekatwa na meno, kwa sababu kule mwisho hapakuwa na waya. Na huyo samaki ameondoka na ndoano kubwa pamoja na rundo la manyoya mdomoni. Kama ana bahati litamtoka. Kama hana, ndo basi tena.

Halafu ikaja picha ya pili. Samaki mwingine, mkubwa, kaning'inizwa wima kwa kichwa kama mkungu wa ndizi, damu inachuruzika kwenye matamvua. Nimekuza picha kila kona nikitafuta wavu au koleo. Sijaona. Ila saa ya staa inaonekana vizuri sana.

Huyo samaki ni nani kwanza?

Kwa Kiingereza anaitwa paiki, Waswidi wanamwita gädda. Ni samaki mrefu, wa kijani mwenye madoa meupe meupe, mdomo umebapa kama wa bata, na ndani ya ule mdomo kuna mamia ya meno, mengine madogo yamelala kuelekea kooni, ya chini makubwa kama misumari. Hakimbizi windo kwa mbali. Anajificha kwenye majani ya majini, katulia kabisa, halafu anachomoka mara moja kama bodaboda taa ikiwaka kijani. Rekodi ya dunia ni ya Ujerumani mwaka 1986, kilo 25.

Bahari ya Baltiki maji yake yana chumvi kidogo tu, ndo maana samaki huyu wa maziwani anaishi hadi pwani, katikati ya vile visiwa. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: paiki wakubwa, wale wa mita moja na kuendelea, karibu wote ni majike. Wanachukua miaka mingi kufika pale, na ndio wanaotaga mayai mengi. Paiki wa pwani ya Baltiki wamepungua tangu miaka ya 1990. Kwa hiyo sehemu nyingi za pwani ya Sweden upande huo, kanuni inaweka kikomo cha idadi ya paiki ambao mvuvi anaruhusiwa kubaki nao kwa siku, na kikomo cha urefu wao. Aliyezidi hapo anarudi majini.

Soma tena mstari huo. Yule mkubwa unayemtaka kwenye picha, sheria inakwambia umrudishe. Maana yake ukienda kumtafuta paiki mkubwa, vifaa vyako vina kazi mbili: kumleta, na kumrudisha akiwa mzima. Staa wetu alikuwa na vifaa vya kazi ya kwanza, tena nusu nusu. Vya kazi ya pili hakuwa navyo kabisa.

Mimi mwenyewe niliua mmoja

Msidhani naongea kutoka mbinguni. Niko huku mwaka wa sita sasa, na mwaka wangu wa kwanza wa kuvua nilifanya vilevile. Nilinunua fimbo nzuri, rili inang'aa, nikapiga picha nyumbani kabla hata sijagusa maji. Koleo nililokuwa nalo lilikuwa kakoleo kembamba ka kutolea ndoano kwa samaki wadogo, urefu wa kidole.

Akaja jike la zaidi ya mita moja. Amemeza chambo hadi nyuma ya mdomo. Nikamvuta hadi kwenye mawe, maana wavu sikuwa nao, nikaanza kuhangaika. Kila nikiingiza mkono, meno. Kakoleo hakafiki. Mikono inatetemeka, vidole vinatoka damu, samaki anafungua na kufunga mdomo hewani. Nadhani zilipita dakika nane. Ndoano ikatoka, nikamrudisha majini, akalala kwa ubavu. Nikamsimamisha, akalala tena. Nilikaa naye pale hadi miguu ikafa ganzi kwa baridi. Mwisho aligeuka tumbo juu.

Mzee mmoja wa Kiswidi aliyekuwa anapita na mbwa wake akasimama, akaangalia fimbo yangu, akaangalia samaki, akaniambia kwa upole kabisa: kijana, umeanza kununua upande usio sahihi. Ungeanzia kwenye meno ya samaki, urudi nyuma hadi mkononi kwako.

Hilo ndilo neno langu la leo, na nimelibeba tangu siku ile. Wengi tunaanza na fimbo kwa sababu fimbo inaonekana kwenye kamera. Anza kwenye meno. Twende pamoja.

Kwanza: vya kumtolea ndoano

Kabla hujanunua kitu kingine chochote, nunua koleo refu, sentimita 25 hadi 30, lenye mdomo mwembamba. Nunua na mkasi wa kukatia chuma, ili ndoano ikikataa kutoka uikate vipande badala ya kumchana samaki. Nunua wavu mkubwa wa kuchotea, wenye nyuzi zilizopakwa mpira, maana nyuzi za kawaida zinakwangua ute wa samaki na kuchana mapezi. Kama utavua ukiwa nchi kavu, ongeza kigodoro cha kumlazia, ukilowanishe kwanza.

Vyote hivi havina mvuto hata kidogo. Hakuna atakayekukomentia "koleo kali kaka". Lakini ukiwa na wavu, samaki anabaki majini anapumua wakati wewe unafanya kazi yako kwa utulivu. Na viwe karibu na mkono. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Koleo lililobaki kwenye buti la gari halitoi ndoano.

Pili: waya

Hapa ndipo klipu ya staa ilipoharibikia. Muulize mvuvi wa nguru wa pwani yetu kama anatupa ndoano bila waya kwa samaki mwenye meno. Atakucheka. Kitu ambacho wazee wetu wanakijua, sisi tunakisahau kwa sababu tumevaa jaketi la bei ghali.

Kwa paiki mkubwa weka waya wa sentimita 30 au zaidi, wa chuma laini cha nyuzi nyingi au wa titani. Wa titani ni ghali kidogo ila haujikunji hovyo, unadumu. Kati ya waya na mshipi mkuu weka nailoni nene, milimita 0.50 hivi, mita moja na nusu hadi mbili inatosha. Samaki huyu haogopi uzi mnene kama samaki wa mito ya milimani. Wapo wanaotumia plastiki nene ya milimita 0.80 hadi 1 badala ya waya, wanasema inatosha. Msimamo wangu: jino moja likikaa vibaya, inakatika. Waya ni bei ya chipsi mayai kadhaa. Usibane hapo.

Tatu: nzi

Kwa wageni wa mambo haya: kuna uvuvi ambao chambo chake si mnyoo wala dagaa, ni kitu kilichofungwa kwa mkono kwenye ndoano kwa manyoya, nywele za mnyama na nyuzi za kung'aa. Kinaitwa nzi, hata kama hakifanani na nzi hata kidogo. Nzi wa paiki mkubwa ana urefu wa sentimita 15 hadi 25, anafanana na samaki mdogo aliyejeruhiwa, kwenye ndoano ya 4/0 hadi 6/0.

Mambo mawili tu ya kuangalia dukani. La kwanza, nzi asiwe sponji. Akilowana akinywa maji yote, unakuwa unarusha soksi iliyofuliwa. Mkono utakufa ndani ya nusu saa. Chagua wa nywele za mkia wa kulungu au nyuzi za plastiki: anaonekana mkubwa majini, ila ukimtoa maji yanamwagika anabaki mwepesi. La pili, kile kijino cha ndoano kinachozuia isitoke, kibane kwa koleo kilale kabisa. Utapoteza samaki wachache? Labda, kama unaachia mshipi ulegee. Lakini ndoano itatoka kwa sekunde, mdomoni kwa samaki na kwenye kidole chako pia.

Rangi? Watu wanabishana usiku kucha. Beba mmoja mweupe, mmoja mweusi, mmoja wa kijani na njano, maisha yaendelee.

Nne: mshipi

Hapa watu wengi hawaelewi, na hapa pesa inafanya kazi kweli. Kwenye uvuvi mwingine chambo kizito ndicho kinachovuta uzi kwenda mbele. Kwenye uvuvi wa nzi ni kinyume: nzi hana uzito wa kutosha, kwa hiyo mshipi wenyewe ndio mzito, na ndio unaombeba. Ndo maana mishipi na fimbo vina nambari. Mita 9 za mwanzo za mshipi nambari 5 zina kama gramu 9. Za nambari 9 zina kama gramu 15 na nusu. Nambari 5 ni ya samaki wadogo wa mito ya baridi, kama trauti wa kule Mlima Kenya na Aberdare. Ukiifungia nzi wa sentimita 20 aliyelowana, hamfiki mbali, na mara nyingi ataishia kisogoni kwako.

Chukua mshipi wenye uzito uliokusanyika mbele, unaogeuza nzi mkubwa kwa mrusho mmoja au miwili. Kama unanunua mmoja tu kwa ajili ya ghuba za Baltiki, chukua unaozama polepole. Unapita chini kidogo ya upepo na mawimbi, na nzi anatembea pale paiki alipo. Unaoelea ni mzuri kwenye majani mengi na maji mafupi. Unaozama haraka ni wa maji ya kina, utaununua baadaye ukishanogewa.

Tano: fimbo, hatimaye

Umeona tumefika mwisho wa safari ndipo tunaitaja? Fimbo ya futi 9, nambari 9. Ukiwa na mwili mdogo au unavua kwenye majani mafupi, nambari 8 inakubali. Upepo mkali na nzi wakubwa kweli, nambari 10. Iwe ngumu kiasi upande wa chini, maana unahitaji nguvu ya kumgeuza samaki asizame kwenye majani, na ya kumleta haraka. Kumchosha samaki kwa dakika ishirini ili klipu iwe ndefu ni roho mbaya tu. Fimbo ya bei ya kati inafanya haya yote. Ya bei ya mbinguni inafanya haya yote pia, na picha.

Staa wetu alikuwa na nambari gani? Kwa jinsi ilivyopinda hadi kwenye mpini, na kwa wembamba ule, mimi naona ilikuwa ya samaki wadogo. Bei haibadilishi nambari, ndugu yangu.

Sita: rili

Nasema haraka. Paiki hakimbii mita mia kama samaki wa bahari kuu. Anapiga, anatikisa kichwa, anapiga mbizi fupi fupi. Kazi kubwa unaifanya kwa mkono unaovuta mshipi. Rili yako iwe na breki inayoshika, ibebe mshipi, ilingane na uzito wa fimbo. Basi. Ukiona mtu katumia nusu ya bajeti kwenye rili na hana koleo, mwombee.

Na la bure kabisa: samaki akipiga, usiinue fimbo juu kwa mbwembwe kama kwenye klipu. Mdomo wa paiki ni mfupa na meno. Ukiinua fimbo ndoano inateleza. Vuta mshipi kwa mkono, kwa nguvu, fimbo ikiwa imeelekea kwa samaki. Akishashika ndipo uinue.

"Ila si ni samaki tu?"

Najua komenti hii inakuja, ngoja niijibu mapema. Mtu atasema: sisi tunakula samaki kila siku, mbona hatulii? Kweli. Mimi mwenyewe nakula, na paiki wa sentimita 60 ukimkaanga vizuri na ndimu huwezi kuamini, ukivumilia miiba yake. Kumuua samaki ili umle sina shida nako. Shida yangu ni kumuua samaki ambaye huruhusiwi kumla, kwa sababu ya picha, na kwa kukosa vitu ambavyo vyote kwa pamoja havifiki bei ya ile miwani. Hata mvuvi wa kwetu anayehangaika na maisha hatupi samaki majini akiwa amekufa. Hiyo ni israfu, na kwetu israfu ina jina baya.

Mwingine atasema staa ni mgeni, alipelekwa tu. Na hili nakubali kwa asilimia kubwa. Waliompeleka ndio waliopaswa kuwa na waya na wavu kwenye boti. Ila wewe una wafuasi wa kujaza viwanja, kuna kijana Malmö au Helsinki anayeongea Kiswahili, kaona picha yako, mshahara ukitoka anaenda dukani. Ataomba fimbo kama yako. Hataomba koleo, kwa sababu hujamwonyesha koleo.

Na vifaa hivi havikai bure ukirudi nyumbani. Kwenye mito ya bonde la Kilombero kuna taigafishi, samaki wa meno makali ambaye wageni wanasafiri kutoka mbali kuja kumvua kwa nzi. Fimbo ni hiyohiyo nambari 9, waya ni uleule, koleo ni lilelile. Siku vijana wetu wakianza kwenda kule kwa wingi, ningependa waende wakijua.

Kaka, neno langu kwako

Kama utaisoma hii, na najua timu yako inasoma kila kitu: rudi tena. Sikwambii uache, mchezo ni mtamu na umekupendeza. Ila safari ijayo anza na mambo ya upande wa meno. Samaki akija, mwache kwenye wavu majini, toa ndoano kwa koleo, lowanisha mikono. Ukitaka picha, mwinue kwa ulalo, mkono mmoja chini ya taya bila kugusa matamvua, mwingine chini ya tumbo, karibu na maji. Ukimwinua, na wewe bana pumzi. Pumzi yako ikiisha, na yake imeisha, mrudishe. Na kipindi cha joto kali, maji yakizidi nyuzi 20 hivi, waache wakubwa wapumzike, hawapati nafuu haraka.

Halafu usiposti picha. Posti ile sekunde anapopiga mkia na kupotea kwenye giza la maji. Mimi nilisubiri hadi mwaka wangu wa pili kuiona, na sijawahi kuipiga picha, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa majini.

Haya wadau, uwanja wenu. Nimemwonea staa wetu au nimesema kweli? Na wewe unayevua huko uliko, nini ulinunua kwanza? Povu ruksa, matusi hapana. Tukutane kwenye komenti.